Mboga Iliyolala

Jumamosi iliyopita tulimwacha Anjeline mjini Tororo akiwa na kitu mdomoni.

Hakikuwa nyama. Hakikuwa mfupa wala jiwe. Kilikuwa laini, kinanyumbuka, na kila alipokisukuma kwa ulimi kilijikunja na kwenda kujificha kwenye shavu la pili.

Kukimeza hawezi. Kukitema hawezi, maana mwenye hoteli amesimama mbele yake, mikono nyuma, meno yote nje.

"Mchuzi wa njugu kama huu, mama, Tororo nzima hakuna," alisema Ilukor. "Ama nadanganya?"

Anjeline akaitikia kwa kichwa. Akachukua karatasi ya kupangusia mikono, akaipeleka mdomoni taratibu kama mtu anayefuta mafuta, akatema humo. Akaiteremsha chini ya meza. Akaifunua pembe moja.

Ilikuwa plasta.

Plasta ya kidonda cha kidole, jamani! Imekunjamana, gundi yake imegeuka nyeusi pembeni, na katikati kwenye kipamba pana doa la kahawia ambalo si la njugu. Mchuzi ulikuwa umejaa kwenye vitundu vyake vidogo vidogo.

"Auntie, ni nini?" Becky alinong'ona.

Anjeline aliikunja tena karatasi. Alikuwa anajaribu kukumbuka ameitafuna kwa muda gani.

Wewe unayetufungua leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti. Anjeline ni fundi cherehani wa Busia, upande wa Kenya, mjane wa Kisamia mwenye ulimi unaojua chakula. Kila Jumamosi yeye na marafiki zake watatu huchagua hoteli moja, upande huu wa mpaka au ule, wanakula, halafu kila mmoja anasema maoni yake mbele ya simu. Simu ni ya Becky, binti anayeuza salio karibu na geti la mpaka. Matayo, mtu wa Kirewa, upande wa Uganda, hupitisha mizigo ya watu forodhani na mdomo wake haujui kufungwa. Osborn ni dereva wa lori aliyestaafu, anakula sana, anasema kidogo, na gari ni lake. Wanajiita Tonge na Ulimi. Watu wengi wa mpakani huwatazama kwanza ndipo waamue watakula wapi.

Sheria yao ni moja: usikisemee usichokimeza.

Ilukor aliitwa meza nyingine kusalimia wageni. Hapo hapo Matayo akanyoosha shingo.

"Toa tuone."

Anjeline akaifunua karatasi.

"Banange!" Matayo akaruka na kiti. "Hii watu wamepika mtu na bandeji yake!"

Osborn akasukuma sahani. Tangu wamjue, hakuna aliyewahi kuona Osborn akisukuma sahani yenye kitu.

Becky akajifunika mdomo, akakimbilia penye karai la kunawia. Anjeline akamfuata. Akamshika nyuma ya shingo, na kwa mkono wa pili akazikusanya zile nywele zake ndefu za kusuka zisitumbukie.

"Toa yote, mwanangu. Usibakize."

Karai lenyewe lilikuwa na utando wa mafuta. Kipande cha sabuni kilikuwa na nywele ya mtu. Taulo lililoning'inia hapo lilikuwa limefuta midomo mingi hata limekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa.

Na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Heri ungefungwa!

Sahani zilizorudi kutoka mezani zilikuwa zimewekwa sakafuni, nzi wamezivaa kama nguo. Mwanamke mmoja aliinua sahani, akachagua mifupa, akaitupa. Mchuzi uliobaki akaumimina ndani ya sufuria kubwa iliyokuwa ikitokota. Akainua sahani nyingine. Akafanya vivyo hivyo. Makombo ya huyu yanamwendea yule, na ya yule yanamrudia huyu.

Anjeline alikumbuka jinsi mchuzi wake ulivyokuwa mzito. Alikumbuka pia kwamba aliusifia uzito wake.

Akashika ukuta, ukuta nao ulinata.

"Mama, tafadhali."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Msichana mwembamba, aproni imelowa mpaka kiunoni, amekificha mkono wa kulia mgongoni. Macho yake yalikuwa kwenye ile karatasi iliyokunjwa kiganjani mwa Anjeline.

"Ni yangu," alisema. "Jina langu Resty. Nilijikata kwa kisu nikimenya ndizi. Nilimwambia bosi. Akasema kama sitaki kazi nirudi kwetu Iyolwa nikalime."

"Leta mkono."

"Mama..."

"Leta, nakwambia. Sitakung'ata, nimeshakutafuna tayari."

Resty hakujua acheke au alie. Akautoa mkono. Kidole kilikuwa cheupe, kimevimba kwa maji, na kidonda kimefunguka kama mdomo wa samaki. Anjeline hakuona kinyaa hapo. Fundi cherehani hakosi kitambaa mkobani; alichana ukanda wa marekani safi, akakiosha kidole kwa maji yake ya kunywa, akakifunga vizuri, fundo kwa juu lisimkere.

"Usiguse chakula tena leo."

"Nisipogusa atanifukuza."

"Basi shika ufagio. Mkono huu ukiingia tena mchuzini, utaupoteza wewe, na wengine watapoteza matumbo."

"Na hiyo kachumbari yenu," Resty alinong'ona haraka, akitazama nyuma, "msiile. Nyanya zimeokotwa."

Anjeline alirudi mezani akiwa ameamua. Becky atawasha simu, yeye atasema yote: karai, taulo, sufuria ya makombo. La plasta atalisema bila jina la mtu.

Lakini Ilukor alikuwa amekwisha kuketi kwenye kiti cha Anjeline!

"Mama umechelewa jikoni kwangu," alisema. Meno hayakuonekana tena. "Umeona nini?"

"Nimeona unavyowalisha watu mate ya wenzao."

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Ilukor hakushtuka. Akatoa simu mfukoni, akaiegemeza kwenye chombo cha chumvi, ikimwelekea Anjeline.

"Kabla hujanitangaza, jitazame."

Anjeline akajiona. Ni yeye, amekaa kwenye benchi kwa Mama Ajambo, kile kibanda cha chakula karibu na yadi ya malori, Busia ya Uganda. Walikula hapo majuma machache nyuma. Mkononi ana tonge la ugali, usoni ana furaha. Sauti ni yake mwenyewe:

"Mboga hii imelala. Imelala siku tatu."

Halafu, puu! Picha ikakatika. Ikaja sauti ya mtu anayetapika, ndefu, ya kutoka tumboni kabisa, na maandishi ya kijani yakiteremka kama makamasi: CHAKULA CHA SIKU TATU KWA MAMA AJAMBO!

"Mimi sikusema hivyo," Anjeline alisema.

"Si sauti yako?"

"Sauti ni yangu. Maneno hayakuishia hapo!"

Na kweli hayakuishia hapo, msomaji. Siku ile alisema: "Mboga hii imelala. Imelala siku tatu, na nimeila nikamwona marehemu mama yangu." Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Maana kwa Wasamia mgagani, ile mboga ya majani aliyokula siku hiyo, ni mchungu, na hauliwi siku unapochumwa. Unachemshwa, unatiwa maji ya majivu, unatiwa maziwa, unafunikwa chunguni. Kesho unachemshwa tena na kuongezwa maziwa. Kesho kutwa hivyo hivyo, mpaka uchungu wote umetoka na mboga imelainika kama siagi. Hiyo ndiyo mboga iliyolala. Mke akiweza kuilaza, mawifi hukosa la kusema.

Lakini vuka barabara tu, umwambie mtu mwingine kwamba chakula chake kimelala. Ataona kiporo. Ataona ukungu. Ataona funza wananyanyua vichwa.

"Nani ameikata hii?" Anjeline aliuliza.

Ilukor akasimama, akanyoosha shati. "Mnaniuliza mimi? Muulizeni anayeshika simu."

Matayo akamtazama Osborn. Osborn akamtazama Becky. Becky alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Becky," Anjeline alisema.

"Auntie, ilikuwa jokes tu. Naapa. Niliitumia beshte yangu mmoja, nikamwambia asiitume kwa watu."

"Mmoja!" Matayo akapiga meza. "Na yeye alituma kwa mmoja, na mmoja kwa mmoja, sasa iko Mbale!"

"Kwa nini, mwanangu?" Anjeline aliuliza.

Becky akafuta pua kwa mkono. "Ile video nzima hakuna mtu aliitazama. Ile uliyosifu. Watu hawatumiani utamu, Auntie. Wanatumiana kichefuchefu."

Anjeline alijipangusa mdomo tena. Bado alikuwa na ladha ya gundi kwenye meno. Sasa ilishuka, ikakaa kifuani.

"Basi tupikieni hiyo video yenu ya mate," Ilukor alisema, akiinamia meza. "Nani atawasikiliza? Watu wanaosifu makombo ya siku tatu leo waje kuniita mimi mchafu? Mwezi ujao nafungua hoteli Busia, mkabala na huyo mama yenu. Karibuni sana. Kama yeye bado atakuwepo."

"Unasema nini?"

Ilukor hakupata nafasi ya kujibu. Simu ya Matayo ililia. Alikuwa Harriet, mwuza matunda wa pale yadini, na sauti yake ilisikika meza nzima.

"Matayo! Nyinyi iko wapi? Bwana afya amekuja kwa Mama Ajambo! Ako na kufuli! Watu wamejaa, wanatema mate mlangoni!"

Osborn alikuwa amekwisha kusimama, funguo za gari mkononi.

Walikimbiza gari mpaka vumbi la saruji la Tororo likabaki nyuma. Anjeline akashusha kioo. Akavuta hewa kwa pua, akaitoa kwa mdomo. Hewa ilipita, lakini ladha ya gundi ilibaki pale pale.

Matayo ndiye aliyeanza. "Mimi nasema huyu mtoto ashuke hapa. Atembee. Miguu ikiuma, akili itakuja."

"Hashuki mtu," Anjeline alisema. "Mtoto akinyea kiganja, hakikatwi."

"Mama Anjeline, huyu hakunyea kiganja. Huyu amenyea meza ya kulia."

Osborn akacheka puani. Hata Becky nusura acheke, halafu kilio kikamjia upya. Anjeline akatoa leso yake, akampa bila kumtazama. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi. Lakini msichana anayelia hawezi kuachwa na makamasi.

Walipofika, Osborn aliliacha gari mbali. Hakukuwa na nafasi.

Madereva, wabeba mizigo, wabadilisha fedha, akina mama wa sokoni, wote walikuwa wamekizunguka kibanda cha Mama Ajambo. Wengine walikuwa wameziba pua, na hapakuwa na harufu yoyote zaidi ya moshi wa kuni na maziwa. Jamaa mmoja alikuwa ameingiza kidole kooni kando ya mtaro, anajitapisha.

"Mimi nimekula hapa tangu Pasaka!" alikuwa analia. "Tangu Pasaka, jamani! Nimeoza ndani!"

Mwingine akatema mate karibu na mlango. Na mwingine juu ya yake.

Ndani, Mama Ajambo alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso mabegani. Ni mama mzee, mdogo wa mwili, mwenye tabia ya kumjazia dereva mboga mara ya pili bila kuombwa. Bwana afya, jina lake Okia, alikuwa amesimama mbele yake na kufuli jipya kabisa mkononi, jasho linamtiririka. Na kwenye mkono wake wa pili, msomaji, alikuwa na kikombe cha maji baridi. Ni Mama Ajambo aliyempa. Aliyekuja kumfungia alikuwa na kiu, akampa maji.

Mama Ajambo akainua macho, akamwona Anjeline mlangoni.

"Mwanangu, umekuja," alisema. "Umekula?"

Anjeline alitamani ardhi imfunike. Umati mzima unamtemea mate mama huyu kwa sababu ya mdomo wake, na mama anamuuliza kama amekula!

"Ndiye huyo!" mtu akapiga kelele. "Ndiye wa video!"

Okia akageuka. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. "Mama, mimi si adui wa mtu. Nimeletewa video na watu wengi. Ni wewe uliyesema mboga ya hapa imelala siku tatu?"

"Ni mimi."

"Umekubali!" umati ukanguruma.

"Nimekubali kwa sababu ni kweli. Imelala. Kwetu sisi Wasamia, kulala ni..."

"Hata chura akilala siku tatu ananuka!" jamaa wa mtaroni alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

"Kwetu chakula imelala tunapea mbwa," mwingine akaongeza. "Na mbwa anaangalia wewe kwanza."

Anjeline akapandisha sauti. Akaeleza majivu. Akaeleza maziwa. Akaeleza moto wa kila asubuhi. Dereva mmoja kwa nyuma alisema, "Ni kweli, nyanya yangu alipika hivyo," lakini alizomewa mpaka akanyamaza. Kila neno alilosema Anjeline liliwazidishia watu kinyaa. Majivu! Wanaweka majivu! Mama mmoja akamvuta mtoto wake kando.

Okia aliinua mkono wakanyamaza.

"Jumatatu nitachukua chakula kidogo nikapeleke kupimwa," alisema. "Lakini leo nina watu wote hawa, na sitaki kibanda hiki kichomwe. Kama ni chakula cha binadamu, binadamu akile mbele yetu. Si mwenyewe. Mwenyewe anaweza kula hata sumu kuokoa kazi yake. Wewe uliyekitangaza. Ule, utulie, tukuone. Kikikaa tumboni, naondoka na kufuli langu. Kikirudi, nafunga, na sijui kama nitafungua tena."

Anjeline akalitazama kufuli.

Siku nyingine yoyote angecheka. Angeila mboga ile chungu kizima na kulamba mwiko. Lakini leo! Leo ambapo kila akimeza mate anaikuta plasta imemtangulia!

"Nitakula," alisema.

Matayo akamsogelea sikioni. "Mama Anjeline, utaweza? Uso yako imekuwa majivu."

"Nyamaza, wasikusikie."

Mama Ajambo alijaribu kuinuka akapakue. Sahani ilimponyoka, ikagongana na kigoda. Becky akajitokeza, macho mekundu.

"Nipe, kukhu, nikuletee mimi." Alimwita bibi kwa Kisamia. Hakuna aliyejua kwamba analijua neno hilo.

"Chungu cha pembeni, mjukuu wangu. Kilichofunikwa jani la mgomba."

Becky akaingia nyuma ya pazia, akatoka na sahani: ugali, na mboga nyeusi yenye kung'aa. Watu wakasogea. Waliokuwa nyuma wakapanda juu ya magunia.

Anjeline akanawa. Akakata tonge, akalibonyeza, akachota mboga, akatia mdomoni.

Chachu.

Ilikuwa chachu kali, ya kukwaruza, si ile ya maziwa iliyo tulivu. Na nyuma ya uchachu palikuwa na kitu kingine, kama maji ya kuoshea vyombo, kama kitambaa kilicholowa kikasahauliwa. Kilimpanda mpaka puani.

Ni mdomo wangu, alijiambia. Ni ile plasta. Imeniharibia ulimi.

Koo likakataa. Akalilazimisha. Machozi yakamjaa. Mbele yake Mama Ajambo alikuwa anamtazama kwa matumaini, kama mtoto anayengoja kuambiwa kwamba amefaulu.

Akameza.

"Vipi?" Okia aliuliza.

"Tamu," Anjeline alisema.

Hakuwa amewahi kusema hivyo kwa chakula ambacho hakikuwa kitamu. Hata mara moja.

Akakata tonge la pili. Hili lilikuwa baya zaidi, maana sasa alijua linalokuja. Utelezi ulimshika kwenye kaakaa ukakataa kushuka. Alihisi tumbo likikusanya kila kitu, mchuzi wa Tororo, makombo ya watu asiowajua, gundi, njugu, na kuvisukuma juu. Akaushika ukingo wa meza. Akafikiria cherehani yake. Akafikiria mshono mrefu ulionyooka, sindano ikishuka, ikishuka, ikishuka.

Kikashuka.

"Tamu," alisema tena.

Tonge la tatu. La nne. Watu walilitazama koo lake kama wanaotazama penalti. Jasho lilimtoka kwenye nywele, likamwingia machoni, na hakulifuta asije akaonekana. Akaifagia sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali. Akanyoosha mgongo. Akaweka mikono mapajani, akatulia.

Watu wakangoja.

Hakikurudi.

"Wallahi, amekula!" wabeba mizigo wakapiga makofi. Dereva aliyezomewa akapasua umati. "Si niliwaambia? Mama, nipe na mimi sahani!" Jamaa wa mtaroni akafuta mdomo, akajifanya anafunga kamba za viatu. Okia akashusha pumzi, akafungua mkoba wake, akaanza kurudisha kufuli.

"Nimeridhika kwa leo," alisema. "Samahani kwa usumbufu, mama."

Osborn alikuwa amekwisha kunawa. Becky alikuwa anampakulia, tabasamu la kwanza siku hiyo nzima. Matayo alikuwa anamwambia kila mtu kwamba yeye hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Mama Ajambo peke yake hakushangilia. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda, anamjia Anjeline polepole. Akachukua ncha ya leso yake mwenyewe, akamfuta jasho la usoni, paji, mashavu, chini ya kidevu.

"Wewe huli hivi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeshiba tu, mama."

"Siku ile ulipokuja ulikula umefumba macho. Leo umekula umeyatoa." Akamtazama sana. "Mbona umenidanganya?"

"Mama, acha. Imekwisha. Wanaondoka."

Mama Ajambo akaipita meza. Akafika kwenye sahani ya Osborn, akachota mboga kwa vidole viwili, akaiweka kwenye ulimi.

Uso wake ukabadilika.

Anjeline alimwona mama huyu, ambaye hakuwahi kutema chakula mbele ya mgeni maisha yake yote, akiinamisha kichwa na kutema kwenye kiganja. Makofi yalikatika, moja moja, mpaka yakaisha. Okia alikuwa amesimama mlangoni, kufuli nusu ndani ya mkoba, nusu nje.

Angeweza kunyamaza. Kila mtu pale alikuwa tayari kwenda nyumbani. Angefunga kiganja chake, akatabasamu, na kibanda kingekuwa chake kesho na kesho kutwa.

"Osborn, weka chini hilo tonge," alisema Mama Ajambo. "Anjeline, mwanangu, toka nje ukaitapike, upesi. Na wewe bwana afya, usiende na kufuli lako."

Akainua kiganja watu wote wakione.

"Kuna mtu amenibadilishia chungu. Mboga hii haikulala kwangu."